Uchambuzi: Nyumba ya kupangisha, inunuliwe wapi?

Katika mikusanyiko ya Waafrika Mashariki walio ughaibuni, iwe arusini mjini Leicester, katika hitima mjini Muscat au baada ya ibada ya Jumapili mjini Minneapolis, mazungumzo ya watu waliovuka umri wa miaka 50 hayachukui muda kufika kwenye nyumba. Nani amenunua, amenunua wapi, na kwa bei gani.

Swali linaloulizwa mara chache ni la nne: nyumba hiyo inamletea nini mwenyewe kila mwezi?

Swali hilo si dogo. Fedha ambazo Wakenya walio nje walizituma nchini mwao mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5, kiasi kinachozidi kwa mbali mapato ya chai. Sehemu ya fedha hizo huishia katika saruji na mabati, na kwa wengi nyumba ya kupangisha ndiyo pensheni yenyewe. Mtu aliyehama nchi mbili tatu, au aliyeanza maisha upya akiwa na miaka 40 kwa sababu alifika akiwa mkimbizi, aghalabu hana kiinua mgongo cha kutosha popote. Akikosea mahali pa kununua, hana miaka mingine 20 ya kulirekebisha kosa hilo.

Hoja ya makala haya ni kwamba wengi wetu tunachagua mahali kwa vigezo viwili visivyohusiana na pato: mapenzi na sifa. Tunanunua tulikozaliwa, au tunanunua kule tunakosikia kwamba bei zinapanda. Nyumba ya kumlisha mtu uzeeni hutafutwa kwa vigezo vingine.

Bei na pato

Kabla ya kuendelea ni vyema kuyatenganisha maneno. Kiswahili kimelipa neno "kodi" kazi mbili: kile anacholipa mpangaji na kile inachochukua serikali. Hapa cha mpangaji tutakiita pango, na cha serikali tutakiita kodi, kwa kuwa kuchanganyikiwa kwa viwili hivi ndiko kunakowaponza wanunuzi wengi.

Kupanda kwa bei ya nyumba ni faida ya siku ya kuuza. Pato ni kile kinachobaki mkononi kila mwezi baada ya gharama zote kulipwa. Nyumba inaweza kupanda bei kila mwaka na bado ikamtaka mwenyewe atoe fedha mfukoni kuitunza. Kijana mwenye mshahara anaweza kustahimili hali hiyo, lakini mstaafu hawezi.

Hesabu ya Nairobi

Tuchukue Nairobi, mji ambao takribani kaya 9 katika kila 10 zimepanga. Kwa idadi ya wapangaji, hakuna soko kubwa zaidi Kenya. Hata hivyo wingi wa wapangaji hauna maana kwamba kila nyumba inalipa.

Tuseme, kwa ajili ya kukokotoa tu, kwamba msomaji amenunua nyumba ya ghorofani katika mtaa wa tabaka la kati kwa shilingi milioni 12. Ushuru wa stempu mijini ni asilimia 4, na wakili naye analipwa, hivyo gharama inafika takribani milioni 12.6. Pango ni shilingi 65,000 kwa mwezi, yaani 780,000 kwa mwaka. Dalali atamwambia kwamba hiyo ni asilimia 6.5 ya bei, na hatakuwa amesema uongo.

Sasa tuanze kupunguza. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja tu, pango linakuwa 715,000. Ada ya huduma za jengo, kwa maana ya walinzi, usafi, lifti na taa za ngazi, tuiweke 96,000 kwa mwaka. Wakala wa kukusanya pango akichukua asilimia 8 ni 57,200. Rangi na mabomba, 50,000. Kinachobaki ni 511,800, na serikali bado haijafika.

Hapa ndipo aliye ughaibuni anapaswa kusimama na kusoma mara mbili. Tangu Januari 2024, mkaazi wa Kenya mwenye pango la nyumba za kuishi linalozidi shilingi 288,000 na lisilozidi milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya pango lote. Lakini asiyehesabiwa kuwa mkaazi kwa mujibu wa sheria ya kodi hukatwa asilimia 30, na hukatwa kutoka pango lote, wala si kutoka kilichobaki baada ya gharama.

Kwa mkaazi, nyumba yetu ya mfano inabakisha 458,175, sawa na asilimia 3.6 ya fedha iliyowekwa. Kwa asiye mkaazi inabakisha 297,300, yaani asilimia 2.4. Pango la 65,000 kwa mwezi limegeuka kuwa wastani wa shilingi 24,775, chini ya dola 200.

Uraia na ukaazi wa kodi ni vitu viwili tofauti. Mtu anaweza kuwa raia wa Kenya na asiwe mkaazi, na mwingine akahesabiwa mkaazi kwa kuwa ana makazi ya kudumu nchini na alifika huko wakati wowote ndani ya mwaka husika. Malipo ya saa moja kwa mshauri wa kodi, kabla ya kununua, yanaweza kuokoa zaidi ya theluthi moja ya pato.

Mkopo nao unaweza kuivunja hesabu yote. Aliyenunua nyumba hiyo kwa kukopa milioni 7.2 kwa riba ya asilimia 14 anadaiwa riba peke yake ya 1,008,000 kwa mwaka, kiasi kinachozidi pango lote hata kabla ya kupunguza chochote. Mpangaji hamlipii mkopo mtu huyo. Ni yeye anayemchangia mpangaji.

Itakumbukwa pia kwamba Februari 2024 serikali ya Kenya iliuza hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa riba ya asilimia 18.46 isiyotozwa kodi. Viwango vilishuka baadaye, na hatifungani haipandi thamani kama ardhi. Lakini mwenye kutafuta pato, asiyelilinganisha na pato lingine linalopatikana bila mpangaji wala fundi bomba, hajafanya uchaguzi. Amefuata mazoea.

Mpangaji kwanza

Je, ina maana nyumba hazilipi? La hasha. Maana yake ni kwamba anayechagua mahali aanze na mpangaji, kisha ndipo aitazame nyumba. Mpangaji huyo ni nani, anafanya kazi gani, na mshahara wake ukikatika atalipwa na nani?

Fedha ile ile ya milioni 12.6 ingeweza kujenga au kununua vyumba 10 vya mtu mmoja kando ya barabara kuu ya Thika, ambayo upanuzi wake ulikamilika mwaka 2012 na kuwaleta wafanyakazi na wanafunzi wengi Roysambu, Kasarani na Zimmerman. Tuseme kila chumba ni 9,000. Kwa karatasi ni 1,080,000 kwa mwaka. Kwa uhalisia, chumba kimoja kiko tupu na mpangaji mmoja halipi, hivyo ni 864,000. Tukiondoa mshahara wa mtunza jengo 120,000, wakala 69,120, maji na matengenezo 100,000, na kodi ya mkaazi 64,800, kinabaki 510,080, sawa na asilimia 4.

Tofauti na nyumba ya kwanza haionekani kuwa kubwa, lakini namna ya kupata hasara si moja. Mpangaji wa ghorofani akiondoka, pato lote limeondoka naye. Wa chumba kimoja akiondoka, imeondoka sehemu moja ya kumi. Aidha, wakala hodari akimfanya yule mmoja asiyelipa alipe, pato linafika 601,340, karibu asilimia 4.8. Kwa maneno mengine, shilingi 91,260 zimepatikana bila kuongeza tofali hata moja.

Vyumba vya bei nafuu navyo vina hatari zake. Wanaotegemea wanafunzi waliionja hatari hiyo Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya Covid-19 na vyumba vikabaki na panya. Na tamaa ya kurundika vyumba katika kiwanja kidogo ina gharama isiyoandikwa katika hesabu: Aprili 2016 jengo la ghorofa la wapangaji liliporomoka Huruma, Nairobi, na kuua watu wapatao 50. Mnunuzi asiyepeleka mhandisi wake kukagua nguzo anacheza na roho za watu, si na mtaji wake tu.

Maji, barabara na malipo ya mbele

Ng'ambo ya mpaka, Dar es Salaam inatoa somo lingine. Huko ni desturi ya miaka mingi kwa mwenye nyumba kudai pango la miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Viongozi wameikemea desturi hiyo mara kadhaa kwa kuwa inawaumiza wapangaji, na kweli inawaumiza. Kwa mwenye nyumba aliye mbali, hata hivyo, inapunguza safari za kufuatilia madeni. Sharti moja tu: asizile fedha za miezi sita katika mwezi mmoja.

Njia za usafiri zimebadili ramani ya pango jijini humo. Mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, na daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka huo huo. Mtu anayefanya kazi katikati ya jiji hukaa pale atakapofika kazini kwa nauli anayoimudu na muda anaouweza. Kwa hiyo mnunuzi asiulize umbali kwa kilomita. Aulize nauli na dakika, tena za saa moja asubuhi.

Dodoma ni mfano wa mji uliopata wapangaji kwa amri. Baada ya tangazo la Julai 2016 la serikali kuhamia huko, watumishi wa umma walihitaji nyumba, na mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kuiunganisha na Dar es Salaam. Mpangaji mwenye mshahara wa serikali ni mpangaji mzuri. Lakini wajenzi wote walilisikia tangazo lile lile. Penye wapangaji wengi na viwanja vingi, nyumba mpya huota kila msimu na pango hukataa kupanda.

Swali la maji halina mji. Mtaa wenye maji ya mgao siku mbili kwa wiki utamtaka mwenye nyumba awe na matangi, kisima au bili ya maboza. Wapangaji wanaweza kuvumilia ngazi na kelele. Ukosefu wa maji huwahamisha.

Sheria inamjua nani?

Kuna waliochagua mtaa vizuri, wakakokotoa vizuri, na bado wakapoteza kwa sababu sheria haikuwatambua.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliruhusu uraia wa nchi mbili, na aliyezaliwa Mkenya akaupoteza uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine anaweza kuomba arejeshewe. Asipoomba, yeye ni mgeni, na mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi ila kwa mkataba wa muda usiozidi miaka 99.

Tanzania haijaruhusu uraia wa nchi mbili kwa watu wazima. Ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 asiye raia hupewa ardhi kwa madhumuni ya uwekezaji tu. Upo pia utaratibu wa hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, na mnunuzi anapaswa kuuliza hadhi hiyo inampa haki gani hasa siku anayotia saini. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na za uwekezaji, ambazo si nakala ya zile za Bara.

Waliochukua pasipoti za kigeni na kuamua kuandikisha kiwanja kwa jina la ndugu wanajua, au watajua, kwamba hati husema jina lililoandikwa. Haisemi fedha zilitoka wapi.

Uganda ina mifumo minne ya umiliki wa ardhi, ukiwemo mailo, ambamo mwenye hati na mkaaji halali wa ardhi wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Huko pia, tangu Julai 2023, mtu binafsi hutozwa asilimia 12 ya pango linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kuruhusiwa kupunguza gharama zake.

Kununua ugenini

Wapo wanaosema: kwa nini tuhangaike na yote haya, tununue huku huku tulipo?

Hoja hiyo ina nguvu, hasa kwa ambaye anajua kwamba hatarudi. Nyumba iliyo umbali wa basi moja hukaguliwa Jumamosi. Hata hivyo Uingereza si ile ya miaka ya 2000, pale kila mwenye kazi ya kudumu alipoambiwa anunue nyumba ya pili. Kati ya 2017 na 2020 wenye nyumba walipunguziwa hatua kwa hatua nafuu ya kodi juu ya riba ya mkopo, na sasa hupewa punguzo la asilimia 20 tu. Tangu mwisho wa Oktoba 2024, anayenunua nyumba ya ziada England huongezewa ushuru wa asilimia 5 juu ya ule wa kawaida. Na sheria mpya ya wapangaji ya England, iliyoidhinishwa Oktoba 2025, iliweka tarehe 1 Mei 2026 kuwa mwisho wa kumwondoa mpangaji bila kutoa sababu.

Kwa hiyo wengi hutazama kaskazini mashariki ya England, ambako nyumba ndogo za safu huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya London na pango halipungui kwa kiwango hicho. Kwa karatasi, pato ni kubwa.

Detroit, nchini Marekani, inaonyesha karatasi inaweza kuficha nini. Mji huo ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 mwaka 1950, na mwaka 2020 ulihesabiwa kuwa na takribani 639,000. Ulipofilisika Julai 2013, nyumba zake zilikuwa zikinadiwa kuanzia dola 500 kwa sababu ya malimbikizo ya kodi ya majengo, na watu wasiowahi kuuona mji walizinunua kupitia intaneti. Kwa bei hiyo, pango lolote lilionekana muujiza. Lakini kodi ya majengo iliendelea kudaiwa, mabomba yalikuwa yameibwa, na wapangaji wenye kazi walikuwa wameshahama. Nyumba nyingi zilirudi mnadani. Makadirio ya mwaka 2023 yalionyesha idadi ya watu wa Detroit ikiongezeka kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1950. Walionufaika ni waliokuwepo pale, waliojua mtaa upi una taa na upi hauna.

Sarafu ya uzee

Linabaki swali linalopaswa kutangulia mengine yote: msomaji atazeeka akitumia sarafu gani?

Januari 2020 dola moja ilinunuliwa kwa takribani shilingi 101 za Kenya. Januari 2024 ilifika 160, na baadaye mwaka huo ikarudi karibu na 129. Pango la shilingi 65,000 lilikuwa dola 644, likawa dola 406, kisha dola 504, bila mpangaji kubadili chochote. Kwa mstaafu anayelipa umeme wake kwa pauni mjini Birmingham, huo ni mshahara unaocheza ngoma. Kwa anayenunua samaki wake Malindi kwa shilingi, msukosuko ule unamgusa kwa mbali tu.

Anayekusudia kurudi ana sababu nzuri ya kutafuta pango la shilingi. Asiyerudi, au asiyeweza kurudi, ana sababu nzuri ya kutafuta pato katika sarafu ya mahali atakapozikwa. Wengi wetu hatulijibu swali hili kwa sababu kulijibu ni kukiri jambo zito.

Ninalisema hili nikiwa miongoni mwao. Kazi ya uhariri ilinitoa nyumbani, na sijaweza kurudi. Nikiwa ugenini nilinunua nyumba katika mji wa pwani nilikozaliwa, yenye mwembe uani, nikaiita pensheni. Waliopanga ni jamaa. Mwaka wa kwanza walilipa, wa pili palitokea msiba, wa tatu nikaona haya kuuliza. Siwezi kupanda ndege kwenda kuketi barazani na kulizungumza kwa heshima, kama mambo ya aina hiyo yanavyopaswa kuzungumzwa. Kwa simu, kila neno langu lilisikika kama la mwenye kudai.

Sijaiuza nyumba ile, na sidhani nitaiuza. Lakini nimeiondoa katika hesabu ya uzee wangu, jambo ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza. Iliponunuliwa haikuwa na mpangaji aliyechaguliwa, wala wakala asiye ndugu, wala sarafu ninayoitumia. Ilikuwa na mwembe.

Mwenye uwezo wa kununua nyumba mbili anunue moja ya moyo na nyingine ya mfuko. Mwenye uwezo wa moja aamue kwanza ni ipi, kisha apeleke wakili ofisi ya ardhi, mhandisi kwenye nguzo, na mtu asiye dalali kuuliza majirani watatu wanalipa pango kiasi gani na maji yanatoka siku zipi. Majibu hayo yakikataa, mji ubakie mji mzuri wa kutembelea.